Mkaguzi wa bunge la jimbo hakamati mtu. Basi anaiwajibishaje serikali?

Swali la msomaji: "Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na asili yangu ni Tanzania. Nyumbani nimezoea ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: huyu kapata hati safi, yule hati yenye mashaka, fedha fulani hazina vielelezo. Hapa nimesoma ripoti ya Mkaguzi wa Bunge la jimbo kuhusu Idara ya Elimu na kashfa ya chakula cha watoto. Maneno ni makali, lakini ripoti haikumkamata mtu wala kumwondoa kamishna anayeiongoza idara hiyo. Sasa inasaidia nini? Na mimi mwananchi wa kawaida naitumiaje?"

Ndugu msomaji, ripoti uliyoisoma haikuwa ya hesabu. Ukaguzi wa hesabu, ule unaoishia kwenye hati, unauliza kama vitabu vya idara vinaeleza kweli fedha zilizoingia na zilizotoka. Idara inaweza kuvuna hati safi miaka kumi mfululizo huku mpango inaousimamia haumfikii mlengwa hata mmoja. Ukaguzi wa ufanisi unakwenda mbele ya hapo: kazi iliyoagizwa na sheria imefanyika? Imefanyika kwa gharama gani, na ingewezekana kwa gharama ndogo zaidi? Waliokusudiwa kusaidiwa wamesaidika? CAG naye hufanya ukaguzi wa aina hii kila mwaka, ila magazeti huchukua zaidi habari za hati.

Mfano mzuri ni wa California. Aprili 2024 mkaguzi wa jimbo hilo alitoa ripoti kuhusu fedha za watu wasio na makazi. Katika miaka mitano ya fedha, kuanzia 2018-19 hadi 2022-23, jimbo lilikuwa limetenga karibu dola bilioni 24 kupitia mipango isiyopungua 30 katika mashirika tisa. Ripoti haikusema fedha hizo zimeibwa. Ilisema baraza lililopewa jukumu la kuratibu halikufuatilia mara kwa mara gharama na matokeo ya mipango hiyo. Kati ya mipango mitano iliyochunguzwa kwa undani, miwili ilionekana kuwa na dalili za kustahili gharama zake. Mitatu haikuweza kupimwa kwa sababu takwimu hazikutosha. Kwa mlipakodi, hilo ni zito kama wizi, na hakuna ukaguzi wa hesabu ambao ungelifichua, maana kila malipo yanaweza kuwa na risiti yake.

Sasa tuje kwenye mamlaka ya mkaguzi, maana hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia. CAG wa Tanzania huteuliwa na Rais, na ripoti yake humfikia Rais kwanza kabla ya kuwasilishwa bungeni. Minnesota imepanga vingine. Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge iliundwa 1973 na iko ndani ya mhimili wa bunge lenyewe. Anayemteua mkaguzi ni tume ya wabunge 12: sita kutoka Baraza la Wawakilishi na sita kutoka Seneti, wakigawanywa sawa kati ya chama chenye wengi na chama cha wachache. Muda wake ni miaka sita, na kumwondoa kabla ya hapo kunahitaji sababu maalumu na kikao cha hadhara. Gavana hana mkono katika uteuzi huo, wala kamishna wa idara inayokaguliwa. Aliyeshika ofisi hiyo kwa muda mrefu zaidi, James Nobles, alikaa tangu 1983 hadi 2021 huku magavana wa vyama tofauti wakija na kuondoka.

Kugawana viti sawa hivyo kuna kazi yake. Kama tume ingekuwa ya chama kimoja, kila ripoti mbaya ingepuuzwa kwa kuitwa siasa. Idaho nayo ina kamati yenye wajumbe sawa wa vyama vyote viwili, na Kansas, iliyoanzisha kitengo chake 1971, ina kamati ya wabunge kumi, watano kutoka kila chumba cha bunge. Majimbo hayafanani: mengine yana ofisi mbili, mengine moja, mengine mkaguzi huchaguliwa na wananchi. Minnesota yenyewe ina wawili na watu huwachanganya daima. Mkaguzi wa Jimbo huchaguliwa kwa kura na kazi yake kubwa ni serikali za mitaa, yaani kaunti, miji na mamlaka ndogo. Mkaguzi wa Bunge ndiye anayekagua idara za serikali ya jimbo. Ukipeleka malalamiko ya barabara ya mtaa wako kwa wa pili, utaambiwa umekosea mlango.

Ukaguzi huanza kwa mada, na hatua hii inastahili kuangaliwa zaidi ya inavyoangaliwa. Wabunge, watumishi na wananchi hupendekeza. Wafanyakazi wa ofisi huandika karatasi fupi za usuli. Kamati ndogo huchambua na tume hupitisha orodha fupi. California mbunge huandika barua kwa kamati ya pamoja ya ukaguzi, kisha ofisi ya mkaguzi huandaa uchambuzi unaotaja maswali yatakayojibiwa pamoja na makadirio ya saa za kazi na gharama, ndipo kamati inapiga kura. Kura ile hulinda kazi yote inayofuata. Swali likishapigiwa kura, idara haiwezi kudai baadaye kwamba mkaguzi amejitungia shughuli.

Swali likiwa baya, ripoti nayo itakuwa mbaya. "Je, idara ya huduma za jamii inafanya kazi vizuri?" halikaguliki, maana halina kipimo wala mpaka. "Je, malalamiko kuhusu vituo vya kulea wazee yanachunguzwa ndani ya muda uliowekwa na sheria, na kama hapana, kwa nini?" linakaguliwa, kwa sababu lina kipimo, lina majalada ya kufunguliwa na lina mtu wa kuhojiwa. Kansas wana njia ya kubana zaidi: ukaguzi mdogo wenye swali moja jembamba, unaopangiwa takriban saa 100 za kazi. Kwa mbunge anayetaka jibu kabla bajeti haijapitishwa, huo mara nyingi unafaa kuliko uchunguzi mpana utakaomalizika bunge likiwa limekwisha kufunga kikao.

Mada ikipita, timu hufanya kikao cha kufungua ukaguzi na viongozi wa idara. Hapo hutajwa upeo wa kazi, kipindi kitakachoangaliwa, nyaraka zinazotakiwa na mtu wa mawasiliano. Mkaguzi wa bunge ana haki ya kisheria ya kuona kumbukumbu za idara, zikiwemo za siri zinazohusu watu binafsi, naye anafungwa na sheria ya kuzitunza. Akikataliwa anaweza kutoa hati ya kumwita mtu au kudai nyaraka. Hati hiyo hutolewa kwa nadra, lakini kila afisa anajua ipo, na hilo linatosha kufungua makabati mengi.

Kazi yenyewe hufuata viwango vya ukaguzi wa serikali vinavyotolewa na ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, tangu 1972, au viwango vingine vinavyokaribiana navyo. Wakaguzi wanaofuata viwango vya GAO hutakiwa kupata saa 80 za mafunzo kila miaka miwili, angalau 24 kati yake zihusu moja kwa moja ukaguzi wa serikali au mazingira ya taasisi wanazozikagua. Ofisi yao nayo hukaguliwa na wakaguzi wa nje angalau mara moja kila miaka mitatu. Kwa hiyo ukiulizwa mkaguzi anakaguliwa na nani, jibu lipo.

Moyo wa viwango hivyo ni jinsi ya kujenga hoja. Hoja kamili ina sehemu nne: kigezo, yaani nini kilitakiwa kuwepo, hali, yaani nini kilikutwa, sababu, na athari. Mapendekezo huzaliwa kwenye sababu. Mkaguzi akiruka sababu, atapendekeza idara "iimarishe usimamizi", maneno ambayo kamishna yeyote atayakubali kwa furaha kwa kuwa hayamfungi kitu.

Tuichukue ripoti yako, ile ya Juni 2024. Fedha za chakula cha watoto hutoka serikali kuu ya Marekani, hupitia Idara ya Elimu ya jimbo, kisha huenda kwa wadhamini wanaosimamia vituo vya kugawa chakula. Shirika la Feeding Our Future lilikuwa mdhamini. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa serikali kuu, shirika hilo lilipokea na kugawa takriban dola milioni 3.4 mwaka 2019. Mwaka 2021 zilikuwa zimefika karibu milioni 200. Januari 2022 FBI walifanya upekuzi, na Septemba mwaka huo washtakiwa 47 wa kwanza wakatajwa, katika mpango uliodaiwa kuiba dola milioni 250. Kukamata watu, basi, kulikuwa kazi ya wengine na kulikuwa kumeshaanza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ripoti. Swali la Mkaguzi wa Bunge lilikuwa jingine: idara yenye dhamana ya kusimamia fedha hizo ilikuwa inafanya nini wakati huo wote?

Ipange kwa sehemu nne. Kigezo: idara ya jimbo inapaswa kuwasimamia wadhamini na kuyachunguza malalamiko. Hali: kati ya Juni 2018 na Desemba 2021 idara ilipokea malalamiko yasiyopungua 30 kuhusu shirika hilo au vituo vyake, na nyakati nyingine ililitaka shirika lenyewe lichunguze malalamiko yaliyolihusu. Sababu: kwa maoni ya mkaguzi, idara haikuchukua hatua kwa dalili ilizokuwa nazo hata kabla ya janga la korona, haikutumia ipasavyo mamlaka iliyokuwa nayo, na haikuwa imejiandaa kukabili matatizo ya ukubwa ule. Athari: usimamizi hafifu ulifungua mwanya wa wizi. Idara ilipinga tathmini hiyo, nayo ina hoja zake. Masharti ya kutembelea vituo yalikuwa yamelegezwa na serikali kuu wakati wa korona, na shirika lilikuwa limeishtaki idara mahakamani mwaka 2020. Ndiyo maana tarehe zina uzito sana katika ripoti hii. Kama dalili zilikuwepo mwaka 2018 na 2019, korona haiwezi kuwa jibu la kila kitu. Msomaji makini wa ripoti huzipanga tarehe kwanza, kisha ndipo husoma maelezo.

Ushahidi huwa wa aina tatu: kilichoonekana kwa macho, kilichoandikwa, na kilichosemwa. Kilichosemwa peke yake ni dhaifu. Afisa akisema "huwa tunakagua kila robo mwaka", mkaguzi huomba fomu za ukaguzi za robo zote. Pale majalada yanapokuwa maelfu, huchukuliwa sampuli. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi hawaifahamu: ukichukua majalada 59 kwa kubahatisha na usikute kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha makosa katika majalada yote hakifiki asilimia 5. Ukitaka kukadiria kiwango chenyewe kwa tofauti isiyozidi asilimia 5 juu au chini, katika kundi kubwa unahitaji majalada kama 385. Kwa hiyo afisa akisema "wameangalia majalada 60 tu kati ya 20,000", mwulize kwanza kama yalichukuliwa kwa kubahatisha na mkaguzi alitaka kuthibitisha nini. Sampuli ndogo iliyochukuliwa kwa kubahatisha ina nguvu kuliko kubwa iliyochaguliwa na idara yenyewe.

Minnesota ina mfano wake wa hili pia. Mwaka 2022 jimbo liliwalipa wafanyakazi wa mstari wa mbele wakati wa korona dola 487.45 kila mmoja, na waliolipwa walizidi milioni moja. Mkaguzi alipochukua sampuli ya wapokeaji, takriban wanne kati ya kumi ama hawakustahili au ustahiki wao haukuweza kuthibitishwa. Soma hayo maneno ya mwisho polepole. "Haukuweza kuthibitishwa" hakumaanishi mtu kadanganya; kunamaanisha mpango ulikosa njia ya kujua. Gazeti likiandika kwamba asilimia 40 walikuwa matapeli, limeipotosha ripoti na limewaonea wafanyakazi wengi waliostahili.

Rasimu ikikamilika hupelekwa kwa idara kwa siri. California idara hupewa siku tano za kazi kuandika majibu. Hufanyika kikao cha kufunga ukaguzi, makosa ya ukweli husahihishwa, na barua ya majibu ya kamishna huchapishwa ndani ya ripoti ile ile. Haki hii ya kujibu hulinda pande zote mbili. Kamishna hawezi kusema hakusikilizwa, na mkaguzi hulazimika kuandika kile tu anachoweza kukitetea mbele ya mtu anayeijua kazi ile kuliko yeye.

Basi uwajibikaji unatokea wapi? Kwanza, kwenye kikao cha kamati. Siku ripoti inapotoka, mkaguzi huiwasilisha mbele ya wabunge, kamishna huketi meza hiyo hiyo na kuulizwa kwa jina, mbele ya kamera, na maneno yake yakiingia kwenye kumbukumbu rasmi. Hawezi kujificha nyuma ya kanuni za ndani kwa kuwa kanuni hizo zimeshachambuliwa kwenye ripoti. Pili, kwenye bajeti. Kamati ile ile inayosikiliza ripoti ina wajumbe watakaopiga kura juu ya fedha za idara hiyo miezi michache baadaye, na wanaweza kushika fungu, kuweka sharti, au hata kuongeza fedha pale mkaguzi alipoonyesha kwamba wakaguzi wa vituo ni wachache mno. Tatu, kwenye sheria: mapendekezo mengi huelekezwa kwa bunge lenyewe, kwamba kifungu fulani kina utata au idara haina mamlaka iliyoyahitaji. Nne, pale jinai inapoonekana, faili huenda kwa vyombo vya dola. Minnesota sheria inamtaka mtumishi wa umma anayegundua ushahidi wa wizi au matumizi haramu ya fedha za umma atoe taarifa kwa mkaguzi mara moja.

Halafu kuna ufuatiliaji, na kwa maoni yangu hapa ndipo ripoti inapoishi au kufa. California idara iliyokaguliwa hutakiwa kuripoti utekelezaji baada ya siku 60, miezi sita na mwaka mmoja. Mkaguzi hapokei neno "tumetekeleza" bila kielelezo. Kila pendekezo hupewa hadhi: limetekelezwa, limetekelezwa kwa sehemu, halijatekelezwa, au idara imekataa. Yasiyotekelezwa hubaki kwenye orodha ya wazi. Ujanja wa kawaida ni kuunda kikosi kazi, kuandika mwongozo, kufanya semina, kisha kudai hoja ifungwe. Mkaguzi mzuri huuliza kilichobadilika kwenye majalada baada ya semina. Kama pendekezo lilikuwa malalamiko yachunguzwe ndani ya siku fulani, atafungua majalada mapya na kuhesabu siku.

Mambo huharibika, na si kwa njia moja.

Idara inaweza kuingilia ushahidi. Mwaka 2017 mkaguzi wa California, Elaine Howle, alipokagua ofisi ya rais wa Chuo Kikuu cha California, aliripoti kwamba ofisi hiyo ilikuwa na akiba ya dola milioni 175 ambayo haikuwekwa wazi. Ilibainika pia kwamba dodoso alizozipeleka kwenye kampasi, zilizokusudiwa kujibiwa kwa siri, zilipitiwa na maafisa wa ofisi ile ile iliyokuwa inakaguliwa na baadhi ya majibu yakabadilishwa. Mkaguzi aliyatupa majibu yote ya dodoso hizo, kwa kuwa hayakuaminika tena. Uchunguzi huru ulithibitisha kuingilia huko, na rais wa chuo aliomba radhi. Mwaka huo huo bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya hadi dola 5,000 anayezuia ukaguzi kwa nia ya kudanganya. Somo la kiufundi hapa ni dogo lakini kubwa kwa uzito: dodoso la siri lirudi moja kwa moja kwa mkaguzi, lisipitie makao makuu.

Takwimu zinaweza kukosekana kabisa, kama ulivyoona kwenye mfano wa California wa watu wasio na makazi. Mkaguzi hawezi kupima kisichohesabiwa. Dawa yake iko mapema, wakati sheria inayoanzisha mpango inapoandikwa: iseme nini kitahesabiwa, nani atakihesabu, na lini kitaripotiwa. Mbunge anayepitisha mamilioni bila kifungu hicho anamfunga mkaguzi mikono miaka mitano kabla hajafika.

Ripoti inaweza kutoka na kamati isikae. Mwenyekiti asipoitisha kikao, kamishna hataulizwa, na ripoti nene ya mwaka mzima itaishia kwenye tovuti. Hili hutokea hasa pale chama kimoja kinaposhika ofisi ya gavana na vyumba vyote viwili vya bunge. Na ofisi yenyewe inaweza kufutwa. North Carolina iliunda kitengo cha tathmini ya mipango 2007 na uongozi wa bunge ukakivunja 2021. Mkaguzi wa bunge hulindwa na sheria, lakini sheria hiyo hutungwa na watu wale wale wanaoweza kuchoshwa na matokeo yake. Utah imejaribu kuziba pengo hilo kwa kuitaja ofisi ya mkaguzi wake ndani ya katiba ya jimbo, ulinzi ambao naupenda kuliko wowote mwingine.

Tena, mkaguzi mwenye ujasiri huwageukia hata waajiri wake. Virginia ina tume ya pamoja ya ukaguzi na mapitio, JLARC, iliyoanzishwa 1973. Ilipoagizwa kuchunguza fomula ya kugharimia shule, ripoti yake ya Julai 2023 ilisema shule za Virginia hupata kwa kila mwanafunzi asilimia 14 pungufu ya wastani wa majimbo yote, sawa na takriban dola 1,900. Fomula ya jimbo ilikadiria kwamba shule zinahitaji dola bilioni 10.7 katika mwaka wa fedha wa 2021, wakati matumizi halisi yalikuwa bilioni 17.3. Pengo la bilioni 6.6 lilibebwa kwa sehemu kubwa na kaunti na miji. Aliyeandika fomula ile ni bunge lenyewe. Baada ya hapo hakuna mbunge aliyeweza kusimama na kusema hajui. JLARC pia hutenganisha mapendekezo na chaguo za kisera: la kwanza ni pale ushahidi unapoelekeza wazi, la pili ni pale uamuzi unapobaki kuwa wa kisiasa. Ni utaratibu wa uaminifu ambao ofisi nyingi zingefaidika nao.

Sasa wewe, ndugu yangu. Ripoti za Minnesota ni bure na ziko kwenye tovuti ya ofisi. Usianze ukurasa wa kwanza. Soma muhtasari, kisha ruka moja kwa moja hadi barua ya kamishna mwishoni, uone anakubali nini na anapinga nini. Akikubali bila kutaja tarehe wala afisa mhusika, weka alama. Kisha rudi kwenye orodha ya mapendekezo, na mwisho soma sehemu ya upeo na mbinu, maana hapo mkaguzi hutaja asichokiangalia. Watu wengi humlaumu kwa kutojibu swali ambalo hakupewa.

Andika kwa mwakilishi wako na seneta wako. Bunge la Minnesota lina wawakilishi 134 na maseneta 67, na kila mkazi ana mmoja wa kila aina. Taja jina la ripoti, namba ya pendekezo, na uulize mambo mawili: limetekelezwa hadi wapi, na kielelezo kiko wapi? Barua ya aya moja yenye namba ya pendekezo hujibiwa kwa urahisi kuliko kurasa tatu za hasira. Kama una mada yako, ipendekeze ikiwa na kipimo: mpango gani, kifungu gani cha sheria, nini kimeshindikana, na ni kumbukumbu gani zinaweza kuthibitisha. Jumuiya zetu zina mengi ya kuuliza, kuanzia huduma za wakalimani katika ofisi za jimbo hadi usimamizi wa vituo vya kulea watoto.

Na kama unachokijua ni ubadhirifu, peleka taarifa moja kwa moja kwa ofisi ya mkaguzi kwa maandishi. Andika tarehe, mahali, jina la mpango, kiasi, jinsi ulivyojua, na uambatanishe nakala. Nyaraka halisi zibaki kwako. Tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Usiwatahadharishe unaowashuku wala usijaribu kukusanya ushahidi kwa kuingia usikoruhusiwa. Ikihusu idara ya jimbo, mlango ni Mkaguzi wa Bunge. Ikihusu mji au kaunti, ni Mkaguzi wa Jimbo. Na fedha zikiwa za serikali kuu, kama zile za chakula cha watoto, peleka nakala pia kwa mkaguzi mkuu wa ndani wa wizara ya serikali kuu inayozitoa, ambayo kwa chakula cha watoto ni Wizara ya Kilimo ya Marekani.